Soja wa geti la ubongo: nani alilipa bei ya kulifungua?

Tuanze na Piriton. Pua inawasha, macho yanatoa machozi kwa sababu ya vumbi, unameza kidonge, na kabla matatu haijatoka tao kichwa chako kishalala kwa dirisha. Mwenzako ana mzio ule ule, lakini yeye amemeza setirizini na yuko macho kabisa, anaskrol. Zote mbili ni dawa za mzio. Zote mbili zimeingia kwa damu. Tofauti kubwa ni kwamba moja iliruhusiwa kuingia kwa ubongo, na nyingine, sehemu yake kubwa, ikarudishwa getini.

Ndiyo, ubongo una geti. Na una soja. Na huyu si yule soja unanunulia soda akufungulie saa nane usiku. Huyu anakagua kila kitu kinachopita kwa damu, molekuli kwa molekuli. Wanasayansi wanamwita kizuizi cha damu na ubongo. Inakadiriwa kwamba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo wa mtu mmoja, ukiinyoosha yote ikawa kamba, inafika kilomita 600 hivi. Hiyo inapita Nairobi hadi Mombasa. Na geti limewekwa kwenye urefu wote huo.

Siku hizi utasikia watu wakisema kwamba umeme kidogo kwenye neva fulani unaweza kumshawishi soja afungue, dawa ipite. Iko kweli ndani yake, na iko biashara ndani yake. Lakini kabla tufike kwa umeme, nataka tupitie historia, kwa sababu hii hadithi husimuliwa kana kwamba yote ilitokea Berlin, Geneva na Boston. Sehemu yake kubwa ilianzia hapa kwetu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Na hiyo sehemu ndiyo inafaa kutufanya tuulize maswali magumu.

Rangi iliyokataa kuingia

Mwaka wa 1885, Berlin. Kuna daktari kijana anaitwa Paul Ehrlich ambaye anapenda rangi kupita kiasi. Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza rangi za nguo kila siku, na Ehrlich akajiuliza: nikidunga hizi rangi kwa damu ya mnyama, zitaenda wapi? Akadunga. Ini likapaka rangi. Figo zikapaka rangi. Misuli ikapaka rangi. Ubongo? Mweupe tu, kama haujaskia.

Ehrlich akaangalia akatoa maelezo yake: labda ubongo hauna kitu cha kushika rangi hizi. Yaani rangi inafika, lakini haishiki, kama rangi ya ukuta juu ya mafuta.

Mtu aliyempinga, bila hata kutaka kumpinga, alikuwa mwanafunzi wake, daktari wa upasuaji Edwin Goldmann. Yeye alitumia rangi ya buluu inayoitwa tripani bluu. Kwanza akaidunga kwa damu, akapata matokeo yale yale: mwili wote buluu, ubongo mweupe. Halafu mwaka wa 1913 akageuza mambo. Akadunga rangi hiyo hiyo moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Sasa ubongo ukawa buluu, na mwili uliobaki ukabaki safi.

Umeona ujanja? Kama rangi inashika ubongo ikiwekwa ndani, basi maelezo ya Ehrlich hayasimami. Ubongo unaweza kushika rangi vizuri sana. Shida ni kwamba kuna kitu katikati kinachoizuia rangi isitoke kwa damu kuingia kwa ubongo, na isitoke huko kurudi mwilini. Goldmann alifariki mwaka huo huo wa 1913, lakini jaribio lake bado linafundishwa.

Hiyo rangi ilitoka wapi?

Hapa ndipo masimulizi mengi hupita mbio. Tripani bluu haikutengenezwa kwa ajili ya kutafuta kuta za ubongo. Hilo jina "tripani" linatokana na tripanosoma, kimelea kinachosababisha malale, ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o.

Kati ya mwaka wa 1900 na 1920, malale iliua watu karibu robo milioni kusini mwa Uganda, hasa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria. Ikavuka ikafika upande wetu wa Nyanza. Vijiji vizima vilihamishwa kutoka ufuoni. Mtu alianza na homa na maumivu ya kichwa, halafu miezi ikipita anabadilika: analala mchana, hapati usingizi usiku, anachanganyikiwa, anaongea vitu havieleweki, mwishowe haamki. Ni ugonjwa wa damu ambao baadaye unakuwa ugonjwa wa ubongo.

Mwisho wa 1902 huko Entebbe, daktari Mwitaliano Aldo Castellani alivuta maji ya uti wa mgongo kutoka kwa wagonjwa, akaangalia kwa darubini, akaona vile vimelea vikiogelea. Mwaka uliofuata, David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba mbung'o ndiye msafirishaji. Fikiria maana yake: kimelea kilikuwa kimepata njia ya kupita geti ambalo sayansi ilikuwa bado haijalielewa.

Maabara za Ulaya zikaingia kazini, na tusijidanganye kwamba ni huruma pekee iliwasukuma. Makoloni yalikuwa yanapoteza wafanyakazi. Mwaka wa 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga wakatoa tripani nyekundu, rangi iliyoua vimelea kwa panya. Tripani bluu ikatoka kwa ukoo huo huo wa rangi, katika msako huo huo wa dawa ya malale. Kwa hivyo ile buluu iliyoonyesha dunia kwamba ubongo una ukuta ni zao la ugonjwa uliokuwa unamaliza watu wa ziwa letu.

Sasa sikia kejeli. Kutoka kwa ukoo wa rangi hizo ikatoka dawa inayoitwa suramini, kampuni ya Bayer ikaileta miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Inafanya kazi vizuri vimelea vikiwa bado kwa damu. Vikishaingia kwa ubongo, suramini inasimama nje ya geti. Kimelea kinapita, dawa inakwama. Ni kama mwizi ana ufunguo wa ploti na polisi hawana.

Wale waliopofuka Ssese

Dawa iliyotumika kabla ya suramini ilikuwa Atoxyl, ambayo ndani yake ina aseniki. Robert Koch, yule yule wa bakteria wa TB, mshindi wa Nobel ya 1905, alikuja Visiwa vya Ssese mwaka wa 1906 na kufungua kambi ya kutibu malale. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, halafu ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka kabisa, kwa sababu aseniki iliharibu neva za macho. Kipimo hicho kikaachwa, lakini macho hayakurudi.

Hawa watu hawatajwi kwa majina kwenye vitabu vya historia ya tiba. Koch ana taasisi mjini Berlin inayobeba jina lake hadi leo. Wao ni namba.

Mwaka wa 1949 ikaja melasoprolu, aseniki tena, ila hii inafika kwa ubongo. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa tumaini la mtu aliyefika hatua ya pili ya malale. Inadungwa kwa mshipa, na wagonjwa husema ni kama moto unapita ndani ya mkono. Na takriban watu 5 kati ya 100 waliotibiwa nayo walikufa kwa sababu ya dawa yenyewe. Daktari alijua, mgonjwa alijua, na bado walikubali, kwa sababu bila dawa kifo kilikuwa karibu hakika.

Hiyo ndiyo maana halisi ya ukuta wa ubongo. Si mada ya mtihani wa bayolojia. Ni ile tofauti kati ya kidonge cha kumeza nyumbani na sindano inayoweza kukuua.

Lina Stern, mwanamke aliyeupa ukuta jina

Kama kuna mtu mmoja unafaa kumkumbuka baada ya kusoma hii, ni Lina Stern. Alizaliwa mwaka wa 1878 katika Milki ya Urusi, familia ya Kiyahudi, akaenda kusomea Geneva, Uswisi. Mwaka wa 1918 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Geneva. Yeye na mwenzake Raymond Gautier walidunga wanyama vitu vingi tofauti na kupima kipi kinafika ubongoni na kipi hakifiki. Mwaka wa 1921 wakaandika jina ambalo bado linatumika kwa Kifaransa, na ambalo sisi tunalitafsiri kama kizuizi cha damu na ubongo.

Wazo la Stern lilikuwa na kina kuliko ukuta. Alisema kizuizi hiki kinafanya kazi mbili: kinazuia vitu vibaya, na kinachagua vitu vizuri vya kuingiza ili mazingira ya ubongo yabaki sawa. Yaani hajengi picha ya jiwe, anajenga picha ya mlinzi mwenye akili. Mlinzi mwenye akili anaweza kuongeleshwa. Shika hiyo, tutarudi kwake.

Mwaka wa 1925 akahamia Moscow kwa imani kwamba huko ndiko dunia mpya inajengwa. Mwaka wa 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti. Miaka ya 1940, watoto wenye TB ya utando wa ubongo walikuwa wanakufa. Stern akasema, kama dawa haipiti getini, tuipeleke ndani wenyewe. Akasimamia matibabu ya kudunga streptomisini moja kwa moja kwenye maji ya ubongo.

Halafu Stalin akageuka. Stern alikuwa kwenye Kamati ya Wayahudi ya Kupinga Ufashisti, na mwaka wa 1949 akakamatwa. Washtakiwa walikuwa 15. Tarehe 12 Agosti 1952, 13 kati yao walipigwa risasi. Mmoja alifia kizuizini. Aliyebaki hai ni mmoja tu: Lina Stern, akiwa na zaidi ya miaka 70, aliyehukumiwa kifungo na uhamisho wa Kazakhstan. Stalin alipokufa mwaka wa 1953 akaruhusiwa kurudi Moscow, akaendelea na kazi, akafariki mwaka wa 1968.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ukuta wake ulionekana kwa macho. Thomas Reese na Morris Karnovsky wa Harvard walidunga panya kimeng'enya ambacho kinaonekana kwa darubini ya elektroni, wakaangalia kinakomea wapi. Kilikomea kwenye seli zinazotandika mishipa midogo ya ubongo. Sehemu nyingine za mwili seli hizi huacha nafasi kidogo kati yao. Kwa ubongo zimeshonana, mshono kwa mshono, hakuna pa kupenya. Soja alikuwa amepatikana.

Jinsi watu wamejaribu kuingia

Ukijua soja yuko wapi, unaweza kupanga. Kuna njia tatu ambazo zimejaribiwa sana.

Ya kwanza ni kuvaa sare. Wagonjwa wa Parkinson hawana dopamini ya kutosha kwa ubongo, lakini ukiwapa dopamini yenyewe, haipiti. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, inafanana na asidi amino za chakula, na kwa asidi amino soja ana mlango maalum. Inaingia kama mwanafunzi ameshika begi. Mwaka wa 1967 George Cotzias, New York, alionyesha kwamba vipimo vikubwa vya dawa hii vinawafanya watu waliokuwa wameganda watembee tena. Zaidi ya nusu karne baadaye bado ndiyo dawa kuu. Sare nzuri haichakai.

Ya pili ni kubomoa kidogo. Miaka ya 1970 Stanley Rapoport alionyesha kwamba ukidunga maji mazito yenye sukari kama manitoli kwenye mshipa unaopanda kichwani, zile seli zinapoteza maji, zinasinyaa, na mishono inaachana kwa muda. Edward Neuwelt wa Oregon akaipeleka kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo ili dawa za kansa zipite. Inafanya kazi, lakini mgonjwa analazwa usingizi wa ganzi, mrija unapitishwa kwa mishipa hadi shingoni, na anaweza kupata degedege. Si kitu cha kufanya kila Jumatatu.

Ya tatu ni kutikisa. Mwaka wa 2001 Kullervo Hynynen na wenzake walidunga sungura viputo vidogo sana, kisha wakalenga mawimbi ya sauti kwenye sehemu moja ya ubongo. Viputo vikatetemeka ndani ya mishipa na kulegeza mishono mahali pale pale tu. Mwaka wa 2015 madaktari wa Toronto, Kanada, wakafanya hivyo kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo bila kufungua fuvu. Mapema 2024 watafiti wa West Virginia wakaripoti wagonjwa 3 wa Alzheimer ambao walipata dawa pamoja na mawimbi hayo, na uchafu wa protini ukapungua zaidi pale geti lilipofunguliwa. Watatu. Kumbuka hiyo namba, usiwaambie watu dawa imepatikana.

Kumpigia soja simu

Sasa tufike kwa neva. Wazo ni hili: kama mishipa ya ubongo ina neva zake, labda hatuhitaji sare wala nyundo. Labda tunaweza kumpigia soja simu.

Nyuma ya pua, ndani kabisa ya shavu, kuna fundo dogo la neva linaloitwa ganglioni ya sfenopalatini. Kazi yake ya kila siku unaijua: machozi, na kamasi za pua. Lakini nyuzi zake nyingine zinapanda hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo na kuiambia ipanuke. Mwaka wa 1908 daktari Mmarekani Greenfield Sluder aliandika kuhusu maumivu ya uso aliyoyahusisha na fundo hili, na alikuwa anayatuliza kwa kupaka kokeini ndani ya pua. Enzi hizo kokeini ilikuwa dawa ya hospitali, usipate mawazo.

Mwaka wa 1990 watafiti wakaonyesha kwamba ukipitisha umeme kwenye nyuzi za fundo hili kwa panya, damu inayoingia kwenye gamba la ubongo inaongezeka. Halafu mwaka wa 2004 David Yarnitsky na wenzake, Israeli, wakachapisha kitu kizito zaidi: kwa panya na mbwa, umeme kwenye fundo hilo haukupanua mishipa tu. Molekuli kubwa ambazo kwa kawaida hurudishwa zilianza kupita kuingia kwa ubongo. Neva inaachilia ujumbe wa kemikali, mshipa unapanuka, na mishono inalegea kidogo.

Angalia uzuri wake. Umeme unaweza kuuwasha na kuuzima. Huhitaji mrija wa shingoni. Na unatumia njia ambayo mwili wenyewe umejenga. Hapa ndipo Lina Stern anarudi: alisema kizuizi kinachagua na kujirekebisha, si jiwe. Zaidi ya miaka 80 baadaye watu wanamwongelesha.

Lakini sayansi haiendi kwa mstari ulionyooka. Kampuni ya BrainsGate ya Israeli ilichukua fundo hili na kutengeneza kifaa chembamba, kifupi, kinachoingizwa kupitia kaakaa la mdomo. Ungetegemea walikitumia kupitisha dawa. Jaribio lao kubwa halikuwa la dawa, lilikuwa la kiharusi: kuongeza damu kwa sehemu za ubongo zinazokufa. Wagonjwa karibu 1,000 katika nchi 18, umeme saa 4 kwa siku, siku 5. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2019. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla, tofauti haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitisha kitu. Kwa kundi moja, wale ambao kiharusi kiligusa gamba la ubongo, asilimia 50 walifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, dhidi ya asilimia 40 ya waliopata matibabu ya kuigiza. Hiyo ni dalili nzuri. Si ushindi.

Na kuna swali ambalo halijaisha. Geti likifunguliwa, halifunguki kwa dawa peke yake. Chochote kilicho kwa damu wakati huo kinapata nafasi: protini, sumu, vijidudu. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba albumini, protini ya kawaida kabisa ya damu, ikivuja kwa ubongo inaweza kuchochea kifafa. Soja akienda kunywa chai, wageni wako wanaingia, na wezi pia.

Na zile video za vagasi?

Najua mnaziona. Mwagia uso maji baridi. Imba "mmm". Nunua kifaa cha sikio, unasisimua neva ya vagasi, ubongo unafunguka, wasiwasi unaisha, dawa zako zinafanya kazi mara mbili. Bei yake? Usiulize.

Neva ya vagasi ni ya kweli na ni muhimu. Kifaa cha kupandikizwa kinachoisisimua kiliidhinishwa Marekani kwa kifafa mwaka wa 1997, na kwa msongo mkubwa wa mawazo mwaka wa 2005. Lakini hicho kinawekwa na daktari wa upasuaji, kwa wagonjwa ambao dawa zimeshindwa. Kuhusu kupitisha vitu kwa ubongo, mwaka wa 2020 kulikuwa na jaribio la panya ambapo kusisimua vagasi kuliongeza jinsi maji ya ubongo yanavyopenya ndani. Panya, maze. Na majaribio mengine ya wanyama waliojeruhiwa kichwa au waliopata kiharusi yalionyesha kinyume cha unachouziwa: vagasi ikisisimuliwa, uvujaji wa kizuizi ulipungua. Yaani inaonekana neva moja inaweza kulegeza geti na nyingine ikalikaza. Mtu anayekuuzia kifaa cha sikio kwa maneno "kufungua ubongo" hajui anapiga simu kwa soja gani.

Ukiwa na kifafa, ukiwa na dawa za msongo wa mawazo, tafadhali usipunguze dozi kwa sababu ya video ya sekunde 40.

Kwa nini hii ni yetu

Nimeandika hii kwa sababu moja. Watu hufikiri historia ya dawa ni historia ya watu werevu. Mimi nasema ni historia ya nani anaonekana anastahili kutibiwa.

Chukua eflonithini. Ilianza kama dawa ya kujaribia kansa. Ikagundulika inaamsha watu wa malale ya Afrika ya kati na magharibi hata wakiwa hatua ya pili, bila aseniki. Mwaka wa 1990 ikaidhinishwa kwa malale. Katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji ukasimama, kwa sababu wagonjwa wenyewe hawana pesa. Halafu mwaka wa 2000 kemikali hiyo hiyo ikarudi sokoni Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za uso wa wanawake. Sina ubaya na krimu. Lakini kulikuwa na soko la nywele za uso, na hakukuwa na soko la mtu anayekufa kijijini. Ilibidi Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka wapige kelele, ndipo mwaka wa 2001 kampuni ikakubali kutoa dawa tena.

Na bado haikuwa jibu letu sote, kwa sababu aina ya malale ya Afrika Mashariki haisikii eflonithini. Sisi tulibaki na moto wa melasoprolu. Suluhisho lilikuja kutoka rafu: feksinidazolu, dawa iliyokuwa imeachwa miaka ya 1980, ikafufuliwa na shirika lisilo la faida la DNDi. Ni vidonge, siku 10, na inapita getini yenyewe. Ikakubaliwa Ulaya mwaka wa 2018 kwa aina ya magharibi, halafu baadaye kwa aina yetu. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Kenya imemaliza malale kama tatizo la afya ya umma. Ilichukua zaidi ya karne, na ushindi huo haukuja kwa dawa peke yake. Ulikuja kwa mitego ya mbung'o, wafanyakazi wa afya wa vijijini, na watu waliokubali kupimwa mwaka baada ya mwaka.

Sasa weka hiyo historia kando ya umeme wa neva. Hii teknolojia ikikomaa, itakuwa na maana kwa magonjwa tuliyo nayo hapa: uvimbe wa ubongo, kiharusi, TB ya utando wa ubongo. Lakini kifaa cha kupandikizwa kinahitaji chumba cha upasuaji, daktari wa neva, na pesa. Mtu wa Lambwe au Turkana atafikiwa lini? Na majaribio yakija hapa, maana yatakuja, nani atakuwa wa kwanza kulala kitandani?

Siogopi majaribio. Bila majaribio hatupati chochote, na kukataa kila kitu ni njia nyingine ya kuachwa nyuma. Tofauti na Ssese ya 1906 ni kwamba leo kuna sheria. Utafiti Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili, na majaribio ya dawa yanapitia Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kujiondoa wakati wowote. Hizo haki hazina maana kama hatuzijui. Kwa hivyo ukiwa na jamaa anaombwa kushiriki utafiti wowote, uliza mambo manne kabla hajatia sahihi: hii dawa au kifaa kimejaribiwa kwa watu wangapi tayari? Akiumia, nani anamtibu na kwa pesa ya nani? Jaribio likiisha na dawa ikifanya kazi, ataendelea kuipata? Na ikishaanza kuuzwa, itauzwa hapa, kwa bei gani?

Wale watu wa Ssese hakuna aliyewapa nafasi ya kuuliza hata moja.

Kwa wale mko form four mnafikiria bayolojia ni ya kukariri: kizuizi hiki bado hakijaeleweka chote, na kazi iliyobaki ni kubwa. Mwanafunzi alipindua maelezo ya mwalimu wake kwa kugeuza tu mahali pa kudunga sindano. Mwanamke aliyefungwa na serikali yake alitoka akarudi maabara. Nafasi ya mtu wa Kisumu au Jinja kwenye hii hadithi isiwe tena ya yule anayedungwa tu. Iwe pia ya yule anayeshika sindano, na ya yule anayeamua tutafute dawa ya nini kwanza.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka kampeni za mbung'o za Lambwe au Busia, mitego ile ya vitambaa vya buluu na nyeusi, muulize mkiwa bado mko naye, halafu uniandikie hapa chini alichokuambia. Hiyo pia ni historia ya ubongo, na haijaandikwa.